Mikono Nyuma ya Mgongo

Wonju, 24 Novemba 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha mwaka jana hakijarudi. Mimi sijambo, ila miguu inaniuma kwa kusimama zahanati kutwa nzima. Kimchi, ile kabichi ya kuchachusha ya majira ya baridi, umeshaitia kwenye mitungi, au unangoja tena majirani wakuonee huruma? Na ukiwasha makaa chumbani, fungua dirisha kidogo. Wiki iliyopita tumeletewa familia nzima iliyozimia usingizini kwa moshi wa makaa.

Sasa nikugombeze. Baba, kwa nini hukuniambia? Jambo kubwa namna ile nalisoma gazetini, tena gazeti lenyewe limefungiwa samaki! Nilikuwa namenya kitunguu nikaona jina lako: Mwalimu Tak Byeong-cheol wa Cheoram. Nikapiga kelele mpaka mwenye nyumba akaja mbio.

Wanasema mlevi mmoja, msimamizi wa mgodini, alifanya fujo sokoni kwa muuza tofu, nawe ukaenda kumtuliza. Akakupiga kofi mbele ya watu wote. Na wewe, mwalimu wa taekwondo mwenye mkanda mweusi wa daraja la sita, mtu ambaye ungemlaza kwa teke moja, ukaweka mikono nyuma ya mgongo ukainamisha kichwa, mpaka yeye mwenyewe akaona aibu akaondoka. Wameandika kichwa cha habari, "Nguvu ya Kweli ni Kujizuia." Nimelia, Baba. Nikakumbuka nilivyokuwa mdogo ukituimbisha yale maneno matano ya ukutani kila jioni: adabu, haya, uvumilivu, kujizuia, moyo usiovunjika. Nilidhani ni maneno ya kutuchosha tu ili tulale mapema.

Na kuna jingine. Baba yake mchumba wangu In-gyu, Meja Cha, unajua alivyokuwa akinikataa. "Binti wa mtu anayefundisha watoto kurusha mateke kwenye mji wa makaa ya mawe," ndivyo alivyokuwa akisema. Jumapili aliniita nyumbani kwake. Ameikata ile habari gazetini akaitunza! Akaniambia, "Mtu wa namna hii ndiye ninayetaka kukaa naye meza moja." Anataka wazazi wakutane mwezi wa kwanza, na harusi iwe Aprili.

Nina miaka ishirini na minane, Baba. Nilishaanza kujizoeza kuishi peke yangu. Sasa nalala nikicheka kama mwehu.

Binti yako,
Sun-im


Cheoram, 1 Desemba 1986

Mwanangu Sun-im,

Barua yako imefika. Nashukuru kusikia u mzima. Mimi kikohozi hakijarudi. Kimchi nimeitia mwenyewe, imezidi chumvi. Dirisha nafungua.

Nimeandika barua hii mara kadhaa nikaichana. Naona nikianza kuizungusha haitakwisha, kwa hiyo nakwambia moja kwa moja: gazeti limekosea. Sikujizuia. Niliogopa.

Siku ile nilikuwa natoka kununua misumari. Gu, yule msimamizi wa mgodini, alikuwa amelewa, anamtaka Mama Deok-sul ampe pombe. Yule mama akamwambia hauzi pombe, auza tofu, aende kwa mkewe. Gu akaanza kuyapiga mateke mabeseni. Watu wakaniona. Nikasikia mtu anasema, "Afadhali, Mwalimu yupo." Nikasogea. Nikamwambia, "Bwana Gu, inatosha, twende nyumbani." Akanipiga kofi.

Sun-im, nilikuwa vitani nikiwa kijana, lakini nilikuwa dereva, nikibeba mchele. Tangu hapo, maisha yangu yote nimepigwa na watu walioniinamia kwanza. Sikuwahi kupigwa na mtu anayenichukia. Nilimtazama machoni, nikaona huyu hatasimama mtu akisema "simama." Mikono ikaanza kutetemeka, nikaiweka nyuma ili watu wasiione. Kichwa nikakiinamisha kwa sababu sikuweza kumtazama tena. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi.

Na gazeti halikusema kilichofuata. Gu hakuona aibu yoyote. Alipoona sisogei alicheka, akamrudia Mama Deok-sul, akalipiga teke sufuria la maziwa ya soya ya kutengenezea tofu yaliyokuwa yanachemka. Yote yakamwagikia mkono wa kulia wa yule mama, kuanzia kiwiko mpaka vidole. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Mikono yangu ilikuwa bado nyuma. Gazeti limeandika "mfanyabiashara mmoja alipata majeraha madogo." Daktari anasema vidole havitakunjika vizuri tena.

Baba wa mwanafunzi wangu mmoja aliona lile kofi tu, kisha akakimbia kuita polisi. Ndiye aliyemsimulia mwandishi. Mwandishi aliponijia nilikuwa nimefadhaika, nikasema, "Sikufanya kitu." Akaandika kwamba mimi ni mnyenyekevu.

Ofisi ya elimu ya wilaya inataka kunipa sahani ya shaba ya heshima. Nimekusudia kukataa, na kuwaandikia watu wa gazeti wasahihishe. Nimeona wewe uwe wa kwanza kujua. Katika yale maneno matano, la pili ni haya, yaani kuona aibu. Kila jioni nawaimbisha watoto, na nikifika hapo sauti inakwama.

Ule vizuri.

Baba yako


Wonju, 4 Desemba 1986

Baba,

Shikamoo. Sijambo. Nakuandikia nikiwa kazini, samahani kwa mwandiko.

Nakuomba usiandike gazetini. Nakupigia magoti. Kama ulishaandika, barua usiipeleke posta.

Baba, kila mtu angeogopa. Wewe una miaka hamsini na saba na yule mtu ni jitu zima. Kwani nani amekulaumu? Hakuna aliyeumizwa na ile habari ya gazetini. Gu nasikia alikwishahamishwa, mkono wa Mama Deok-sul hautapona kwa wewe kusema. Utakayemvunja ni mimi. Unajua Meja Cha amefanya nini? Amewaalika wenzake wa jeshini waje awaonyeshe ile karatasi. Sasa nimwendee nimwambie nini? Kwamba baba yangu alisimama akitazama mwanamke anaunguzwa?

Wewe unataka kuwa safi, basi. Umewahi kufikiri usafi wako nani ataulipia? Hiyo haya yako itanivua nguo mimi mbele ya watu.

Ngoja tu mpaka harusi ipite. Baadaye sema utakalo. Mama angekuwa hai angekwambia hivi hivi.

Nisamehe kwa ukali. Usiache kufungua dirisha.

Sun-im


Cheoram, 2 Februari 1987

Mwanangu,

Natumaini u mzima na baridi haikukusumbua. Huku theluji ikianguka usiku, mchana inakuwa nyeusi kwa vumbi la makaa. Mimi mzima.

Nilifanya ulivyotaka. Sahani niliipokea. Nadhani In-gyu alishakusimulia, maana baba yake alikuja na kamera. Ilikuwa katika ukumbi wa shule, watoto wangu wamepangwa mbele wamevaa nguo nyeupe za mazoezi. Bwana wa ofisi ya elimu alizungumza kirefu sana. Kisha wakaniambia niseme machache. Nikasimama pale, nikasema "Asanteni," nikashuka. Wakapiga makofi mpaka madirisha yakatikisika. Mwalimu mkuu akaninong'oneza, "Ona, hata kujisifu hataki." Nilitamani ardhi ipasuke.

Kwenye chakula cha wazazi pale mkahawani Wonju uliniona mwenyewe. Mkweo mtarajiwa ni mtu mwema kuliko nilivyotegemea. Alinimiminia kinywaji kwa mikono miwili ingawa ananizidi umri. Akaniuliza, "Wakati ule, moyoni ulikuwa unawaza nini?" Wewe ukanikanyaga mguu chini ya meza. Nikamjibu kwamba sikuwa nikiwaza kitu. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kana kwamba nimesema neno la hekima. Chakula kilikuwa kizuri, nasikia. Mimi sikukisikia ladha.

Watoto wapya wameongezeka katika ukumbi wangu wa mazoezi, imebidi nigawe zamu mbili. Wazazi wanawaleta toka miji ya jirani. Wanasema, "Mfundishe awe kama wewe."

Tofu siku hizi nanunua duka la karibu na stesheni. Si nzuri kama ile ya Mama Deok-sul. Ni mbali kidogo, lakini napita njia ya nyuma.

Nimekununulia kitambaa cha hariri cha harusi. Kama rangi hukuipenda, sema.

Baba yako


Wonju, 7 Juni 1987

Baba mpendwa,

Shikamoo. U hali gani? Hii ni barua ya tatu tangu harusi na hujanijibu hata moja. Mwanzoni nilidhani ni posta, maana huku kila siku barabara inafungwa na mabomu ya machozi, vijana wanaoandamana na polisi wanakimbizana hadi mlangoni pa zahanati yetu. Lakini barua za watu wengine zinafika.

Mimi afya njema. In-gyu ni mume mwema, anaosha vyombo mama yake akiwa hayupo. Mama mkwe ni mkali wa jikoni lakini hana kinyongo.

Baba, nikuambie kitu. Lile gazeti Meja ameliwekea fremu ya kioo, limetundikwa sebuleni juu ya televisheni. Kila asubuhi ni kazi yangu kulifuta vumbi. Mwanzoni nilifuta bila kutazama. Wageni wakija, Meja ananiita, "Mkwe, njoo usimulie kisa cha baba yako." Nami nasimulia. Nimekuwa hodari. Nimeongeza hata maneno ambayo gazeti halikuyasema. Juzi nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema kwamba uliponyanyua kichwa ulitabasamu. Nikaenda chooni nikakaa huko mpaka In-gyu akagonga.

Siku ya harusi hukula. Ulipokuwa unaondoka ulinishika mkono ukauangalia. Nilidhani ni uchungu wa mzazi.

Jana nimekutana na Hui-suk, yule tuliyesoma naye, amekuja kutoka Cheoram kumtazama mgonjwa. Nikamuuliza habari zako. Akababaika. Akasema ukumbi wako una watoto wachache sana sasa, na kwamba wewe asubuhi asubuhi unaonekana sokoni umevaa aproni. Nikamwambia aache utani. Akasema, "Kamuulize mwenyewe."

Baba, nakuuliza. Kumetokea nini? Nijibu hata mstari mmoja.

Binti yako,
Sun-im


Cheoram, 28 Juni 1987

Mwanangu Sun-im,

Barua zako zote tatu zimefika. Ninaomba radhi kwa kukunyamazia. Nilikuwa nangoja niwe na kitu cha kukwambia kisichokuwa manung'uniko. Mimi mzima, ila mabega yanauma, na nitakueleza kwa nini.

Ulisema ningoje harusi ipite. Ilipita, na bado nilikuwa nikinyamaza. Usidhani niliamka siku moja nikawa shujaa. Kilichonisukuma ni mtoto.

Kuna msichana ukumbini, Bo-bae, wa darasa la tano, hodari kuliko wavulana wote. Mwishoni mwa Aprili alikuja kabla ya wenzake, akasimama mbele yangu amenyooka, uso unang'aa. Akasema, "Mwalimu, leo nimejizuia." Nikamuuliza vipi. Akasema nyuma ya shule wavulana wakubwa walikuwa wanampiga Yong-tae, yule mdogo wa darasa la pili, na yeye alikuwa pale pale. Akasema, "Niliweka mikono nyuma, hivi, kama wewe. Mpaka walipomaliza."

Alikuwa anangoja nimsifu.

Yong-tae alipasuka mdomo, akashonwa. Bo-bae angeweza kuwatawanya wale wavulana kwa kelele tu. Hakuwa na woga hata chembe. Yeye alifundishwa.

Jioni ile niliwakalisha watoto wote chini. Nikawaambia yote kama nilivyokuandikia wewe Desemba. Nikamwambia Bo-bae kosa si lake, ni langu. Wengine walicheka, walidhani ni mchezo. Bo-bae hakucheka. Akaniuliza, "Kwa hiyo Mwalimu, mtu akiogopa afanye nini?" Nikamwambia sijui bado. Akalia kwa hasira, akavua mkanda akautupa. Hajarudi. Wazazi walikuja kesho yake. Mmoja akaniambia, "Sasa si ungenyamaza tu, mzee wangu? Mtoto hali chakula." Wengi wamewatoa watoto.

Sahani niliirudisha ofisi ya elimu. Karani akasema hakuna utaratibu wa kurudisha. Nikaiacha mezani kwake nikatoka. Baada ya wiki wakaniletea kwa posta, imefungwa vizuri na karatasi ya maua. Nikawaandikia watu wa gazeti, nao wakasema habari hiyo imeshapitwa na wakati. Basi nimekuwa nikisema kwa mdomo, duka kwa duka. Watu wananikata kauli, wanasema, "Mwalimu, usijidhalilishe bwana."

Mama Deok-sul nilimwendea mwisho, ingawa alistahili kuwa wa kwanza. Nilipiga magoti mbele ya meza yake. Akasema, "Inuka, unanizibia wateja." Nikamwambia nimekuja kusema ukweli. Akasema, "Ukweli gani? Mimi nilikuwa nimeanguka chini, macho yangu yako usawa wa magoti yako. Yalikuwa yanagongana. Nilijua siku hiyo hiyo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Niseme ili iwe nini? Kuogopa tuliogopa wote. Hata huyo muuza samaki mwenye domo alijificha nyuma ya kabichi zangu. Lakini yeye hakwenda kupokea sahani. Na hakupita hapa na suti, akautazama mkono wangu, halafu akaenda kununua tofu stesheni. Wewe Mwalimu, hilo la stesheni ndilo lililoniuma. Nilisema, kumbe nimekuwa kitu cha kukwepwa."

Nilimwomba anisamehe. Akasema hana nafasi ya kusamehe, ana maharage ya soya ya kusaga, na mkono mmoja hautoshi kukamua maziwa yake. Nikauliza kama naweza kukamua. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Kesho uje mapema," akasema, "na usije na hiyo sura ya msibani."

Naenda kila asubuhi. Ananitukana sana. Jana kaniambia mimi nakamua kama mtu anayebembeleza mtoto.

Mwanangu, sikuandikii haya ili ufanye lolote. Wewe una nyumba yako sasa. Ila nisingependa uyasikie kwa watu.

Baba yako


Wonju, 19 Julai 1987

Baba,

Shikamoo. Sina hali nzuri, sitaki kukudanganya. Mwili ni mzima.

Barua yako niliisoma nikiwa jikoni, nikaificha kwenye debe la mchele. Siku mbili nikashindwa hata kukosha mchele huo. Nilikuwa namfikiria huyo Bo-bae. Wewe unasema kosa ni lako. Baba, Desemba ulitaka kusema. Nani alikuzuia? Ungelisema wakati ule, yule mtoto asingeweka mikono nyuma.

Jumatano wakaja wageni, marafiki wa Meja. Akaniita nisimulie. Nikasimama chini ya ile fremu. Nikafungua mdomo na kikatoka kitu kingine. Nikasema, "Baba yangu hakujizuia, aliogopa, na mwanamke akaungua. Yeye mwenyewe alitaka kusema toka mwanzo, mimi nikamkataza." Wageni walitazama viatu vyao. Mmoja akasema muda umekwenda, wakaaga wote.

Meja alingoja mpaka mlango ufungwe. Akauliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla hatujakutana pale mkahawani, Baba."

"Kwa hiyo nilipokuwa nammiminia baba yako, wewe ulijua."

"Ndiyo."

"Na visa vyote ulivyonisimulia hapa, ukiongeza na tabasamu."

"Ndiyo, Baba."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akasema, "Mzee mwenzangu aliogopa ngumi. Mimi nimekuwa vitani, woga wa ngumi naujua. Wewe uliogopa nini? Mimi? Nimewahi kukunyanyulia mkono?" Kisha akaitoa fremu ukutani, akaigeuza uso wake uelekee ukuta, akaingia chumbani.

Jikoni mama mkwe akasema, bila kunitazama, "Sikujua kama nimeleta nyumbani mtu asiye na haya." Baba, unajua neno hilo lilivyoniingia? Lile neno nililokuwa nikiliimba nikiwa na miaka sita.

In-gyu alisema, "Mimi ungeniambia." Analala ameelekea ukutani.

Sasa ni siku ya nne. Nawapakulia chakula, wao wanakula, mimi nakaa jikoni. Hakuna aliyenifukuza mezani. Siwezi tu kukaa. Nikishika vijiti vya kulia, naviweka chini tena.

Na maneno yale niliyokuandikia, kwamba haya yako itanivua nguo. Kama unayo ile barua, tafadhali ichome.

Sun-im


Cheoram, 2 Agosti 1987

Mwanangu Sun-im,

Natumaini angalau unalala. Huku ni joto na mvua, wachimbaji mgodini wanazungumza habari ya kugoma. Mimi mzima.

Baba mkwe wako alikuja Jumanne. Najua hakuwaambia anakwenda wapi. Alishuka treni ya asubuhi, akaulizia ukumbi wangu, akaelekezwa sokoni. Mimi nilikuwa nyuma ya kibanda na aproni. Nikamsikia Mama Deok-sul anamjibu, "Mwalimu? Yupo huko nyuma, ananiharibia tofu."

Nikatoka na mikono inachuruzika maji. Tukainamiana. Yeye amevaa suti na tai katika joto lile. Nikaanza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono. Akasema, "Nimekuja na maneno mawili. La kwanza, nimekasirika, na bado nitakasirika kwa muda. Nimejisifia mtu asiyekuwepo mbele ya marafiki zangu wote. Hilo ulijue."

Nikasema ninalijua.

Akakaa kwenye benchi. Mama Deok-sul akamwekea bakuli la tofu ya moto bila kuulizwa. Meja akautazama ule mkono wa yule mama alipokuwa anaweka. Akasimama, akamwinamia yule mama, chini kabisa, kama mtu anavyowainamia wazazi wake. Mama Deok-sul akasema, "Kaa ule, mzee, itapoa." Lakini alikwenda kujifanya anapanga mabeseni, akapanga kwa muda mrefu.

Kisha Meja akaniambia la pili. "Binti yako hali chakula. Nimemwambia mke wangu amwite mezani, anasema amemwita, haji. Mimi siwezi kumwita mwenyewe, bado sijapoa. Ndiyo maana nimekuja kwako. Mwandikie ale."

Ndiyo sababu ya barua hii. Lakini kabla sijakwambia ule, kuna jambo sijalisema kwa mtu yeyote, hata Mama Deok-sul.

Unajilaumu kwamba ulinizuia. Nilikuachia ujilaumu, kwa sababu ilinifaa. Ile barua yako ya Desemba, yenye maneno makali, unajua niliisomaje? Niliisoma nimesimama mlangoni, theluji inaniangukia, na nilipofika mwisho nilipumua. Nilifurahi, Sun-im. Nilikuwa nimekwisha kuandika barua ya gazeti, iko mfukoni, na nilikuwa nikitafuta sababu ya kutoipeleka tangu asubuhi. Ukanipa. Ile ya gazeti niliitupa jikoni kwenye makaa siku hiyo hiyo, nikajiambia ninafanya kwa ajili yako. Pale mkahawani uliponikanyaga mguu, hukuwa na haja ya kunikanyaga. Nisingesema.

Mara ya kwanza nilijificha nyuma ya mgongo wangu. Mara ya pili nilijificha nyuma ya mtoto wangu. Ya pili ni mbaya zaidi, na ni yangu mwenyewe.

Kwa hiyo usiibebe ya kwangu. Uliyoyafanya wewe nyumbani kwa watu unayajua, hayo beba, yanakutosha. Mwombe mumeo radhi, hata akielekea ukutani, ongea na mgongo wake. Barua yako siichomi. Nitaitunza pamoja na zingine, ni mwandiko wa mwanangu.

Meja aliondoka na treni ya mchana. Mama Deok-sul alimfungia tofu kwenye kopo la maji baridi, akamwambia isipofika leo itachacha. Bila shaka uliiona usiku ule jikoni, nawe hukujua imetoka wapi. Niliikamua mimi. Si nzuri sana, imekuwa laini mno.

Wakikuita mezani, nenda ukakae. Kula.

Baba yako